Njia ya Maji: Utunzaji wa Nyumba na Bustani kwa Kaya Inayobana Matumizi

Nyumba ya kawaida katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, yaani ile yenye kuta za tofali za saruji, paa la bati na kiwanja kidogo cha kupandia mboga, haichakazwi sana na umri kama inavyochakazwa na maji yanayopita mahali pasipo pake. Mbao kavu hukaa miongo mingi bila kuoza, bati lisilotuamisha unyevu hushika kutu polepole, na lipu iliyopigwa vizuri haibanduki yenyewe. Lakini vyote hivyo huharibika kwa misimu michache pale tone linapopata tundu la kupenya na pembe isiyofikiwa na jua. Kwa sababu hiyo kaya inayolazimika kuhesabu kila shilingi hufaidika zaidi ikipanga matengenezo yake kwa kufuata njia ya maji, kuanzia kwenye kilele cha paa hadi kwenye mashina ya migomba uani, kuliko ikiyapanga kwa kufuata kile kinachoonekana kibaya machoni pa wageni. Mazoea yaliyoenea ni kinyume cha hayo: sikukuu inapokaribia, rangi hununuliwa na kupakwa juu ya ukuta wenye unyevu, na masika yakipita rangi hiyo hufura, hupasuka na kuanguka vipandevipande, fedha ikiwa imekwisha na hakuna hata tundu moja lililozibwa.

Bati la kuezekea ni karatasi ya chuma iliyofunikwa kwa zinki, metali ambayo huliwa na hewa na maji badala ya chuma kilicho chini yake, kiasi kwamba hata mkwaruzo mdogo hauleti kutu mara moja maadamu zinki ya pembeni bado ipo. Unene wa bati hupimwa kwa geji, na mnunuzi asiyezoea hukosea kwa urahisi kwa kuwa namba hizo huenda kinyume na matarajio: bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 30, na la geji 28 ni nene kuliko yote mawili. Uvujaji mara nyingi hauanzi katikati ya bati bali kwenye misumari. Msumari wa bati hupigwa kwenye mgongo wa wimbi, kamwe si bondeni ambako maji hutiririka, nao huvishwa kipande cha mpira ambacho jua hukikausha na kukipasua baada ya miaka kadhaa, huku mbao za papi, ambazo ndizo zinazobeba bati, zikisinyaa na kuulegeza msumari wenyewe. Kung'oa msumari mmoja uliolegea na kupiga mwingine mnene kidogo wenye mpira mpya ni gharama isiyofikia hata bei ya kilo ya unga, ilhali kuuacha kwa miaka mitatu kunaweza kudai kubadilishwa kwa kenchi nzima, yaani mihimili ya mbao inayoshikilia paa.

Adui wa pili wa bati ni kile kinachokaa juu yake. Majani ya mwembe au ya mkungu yaliyorundikana kwenye mkunjo wa paa hushika unyevu kwa siku nyingi baada ya mvua kukatika, na hapo ndipo zinki huisha mapema. Vivyo hivyo udongo, viatu vilivyotupwa na vipande vya chuma vilivyosahauliwa na mafundi. Karibu na bahari, chumvi inayoletwa na upepo huharakisha uharibifu huo, na mvua ambayo huiosha sehemu ya juu ya bati haiufikii upande wa chini wa ukingo unaotokeza nje ya ukuta, hivyo kutu ya pwani mara nyingi huanzia chini, mahali ambapo watu hawatazami. Doa la kutu likigunduliwa mapema husuguliwa kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, hupakwa rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha rangi ya mafuta. Ifahamike pia kuwa saruji mbichi ina ukali unaokula zinki, kwa hiyo ufa kati ya ukuta na bati hauzibwi kwa kuutupia saruji, kama wafanyavyo mafundi wengi, bali kwa lami au gundi ya silikoni, ambayo hunyumbulika bati linapotanuka mchana na kunywea usiku.

Maji yakishaliacha paa, swali ni yanaanguka wapi. Hesabu yake ni nyepesi, nayo inafaa kujulikana na kila mwenye nyumba: milimita moja ya mvua juu ya eneo la mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Paa linalofunika mita 8 kwa 10 hupokea basi lita 80 kwa kila milimita, na mvua ya milimita 25, ambayo si ya ajabu wakati wa masika, humwaga juu yake lita 2,000. Hata ikikadiriwa kuwa sehemu ya tano hupotea kwa kurukaruka na kufurika, zinabaki lita 1,600, ambazo ni ndoo 80 za lita 20. Dar es Salaam hupata takriban milimita 1,100 za mvua kwa mwaka, maana yake ni kwamba paa kama hilo huweza kuvuna karibu lita 70,000, na mtu anayenunua maji kwa dumu anaweza kujifanyia mwenyewe hesabu ya thamani yake. Hata hivyo thamani hiyo hupatikana tu pale penye gata, yaani mfereji wa kukinga maji ya paa, uliofungwa kwa mwinamo mdogo kuelekea kwenye bomba la kushushia, na usiozibwa na majani. Penye mfereji uliopinda katikati, maji hayo yote humwagika mahali pamoja na kuchimba shimo kando ya msingi, na hapo kaya hupata hasara mara mbili kwa mvua ileile.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huosha vumbi, masizi na kinyesi cha ndege, na kwa hiyo huachwa iende zake kwa dakika kumi hivi kabla ya bomba kuelekezwa kwenye tanki. Tanki lenyewe lahitaji msingi imara kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa kuwa lita 5,000 za maji zina uzito wa tani 5, na jukwaa la mbao lililowahi kubeba tanki dogo si lazima libebe kubwa. Mfuniko ni wa lazima, na si kwa sababu ya vumbi peke yake: mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi na anayeuma mchana, hupenda kutaga katika maji yaliyotulia ndani ya vyombo karibu na makazi ya watu, na katika joto la pwani yai huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo. Milipuko ya dengi iliyoikumba Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019 ilizidi kuwakumbusha wakazi kuwa ndoo, matairi na vifuu vilivyo uani ni sehemu ya afya ya nyumba. Mayai ya mbu huyo hushikamana na ukuta wa chombo juu kidogo ya usawa wa maji na huweza kustahimili ukavu kwa miezi, hivyo kumwaga maji hakutoshi. Chombo husuguliwa kwa brashi kila wiki ndipo kijazwe tena.

Sehemu inayopuuzwa kuliko zote ni nusu mita ya chini ya ukuta. Matone yaangukayo kutoka kwenye ukingo wa paa lisilo na mfereji hurusha matope ukutani, wakati unyevu wa ardhini hupanda ndani ya tofali kupitia vitundu vyake vidogo, namna ileile utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Ili kuuzuia, wajenzi huweka juu ya msingi dipisi, ambayo ni tabaka la nailoni nzito au lami lisilopitisha maji. Tabaka hilo likiwekwa vizuri hufanya kazi kwa miaka mingi, lakini hupoteza maana yote pale mwenye nyumba anapojaza kifusi uani, au anapolima kitalu cha maua kikiegemea ukuta, mpaka udongo ukapanda juu yake na unyevu ukapata daraja la kuvukia. Udongo wa nje unapaswa kuwa chini ya dipisi kwa sentimita 15 hivi, na ardhi inayoizunguka nyumba iwe na mwinamo wa sentimita 5 kwa kila mita, ukielekea mbali na ukuta. Kazi hiyo hufanywa kwa jembe na koleo, haihitaji saruji wala fundi, na pengine hakuna matengenezo mengine yanayoirudishia kaya faida kubwa kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Unyevu unapofika kwenye uso wa ukuta hukauka na kuacha chumvi iliyokuwa imeyeyuka ndani yake. Chumvi hiyo huganda kuwa unga mweupe, na unga huo ukiganda nyuma ya rangi au ndani ya lipu huisukuma hadi ikabanduka. Nyumba zilizojengwa kwa mchanga wa ufukweni huteseka zaidi, kwa sababu mchanga huo umekuja na chumvi yake, ambayo pia hunyonya unyevu kutoka hewani, nayo ikizifikia nondo zilizo ndani ya zege huharakisha kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa zaidi ya chuma kilichoizaa, na ndiyo maana zege la nguzo za baraza huonekana likipasuka kwa mstari mmoja ulionyooka juu ya nondo. Unga mweupe hufagiliwa kwa brashi kavu. Kuuosha kwa maji ni kuuyeyusha na kuurudisha ndani ya ukuta. Lipu iliyolegea, ambayo hutambulika kwa mlio wa uwazi inapogongwa, hubanduliwa yote mpaka penye uimara, ukuta huachwa ukauke, na lipu mpya hulowanishwa kwa siku saba ili saruji yake ikomae bila kupasuka.

Nyumba za kale za pwani zina sheria yake, na mwenye kurithi mojawapo huko Lamu au katika Mji Mkongwe wa Zanzibar anapaswa kuijua kabla ya kumwita fundi wa saruji. Kuta hizo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Chokaa hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya matumbawe hadi joto kali, kisha kuyazima kwa maji; ikishapakwa, hukomaa taratibu kwa kunyonya hewa ya ukaa, na hubaki na vitundu vinavyouruhusu unyevu kutoka. Lipu ya saruji juu ya ukuta wa namna hiyo ni ngumu na huzuia pumzi ya ukuta, hivyo unyevu hubaki ndani, chumvi hulima mawe, na ncha za boriti zilizozikwa ukutani huoza bila mtu kuona. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000 na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001, lakini hata nyumba isiyo na heshima yoyote ya namna hiyo hustahili kutengenezwa kwa kile ilichojengewa. Kwa bahati njema chokaa bado huuzwa kwa bei nafuu, na kuta za aina yoyote zilizo na unyevu kidogo huvumilia rangi ya chokaa kuliko zinavyovumilia rangi ya mafuta, mradi mpakaji alinde macho yake, kwa kuwa chokaa huunguza.

Nyufa hutofautiana. Ufa mwembamba wa lipu peke yake si jambo la kukosesha usingizi, bali ule unaopanda kwa ngazi ukifuata maungio ya tofali huashiria kuwa msingi unasogea, pengine kwa sababu ya maji yanayotuama upande mmoja. Alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa, ikiandikwa na tarehe, itaonyesha baada ya miezi michache kama ufa unakua au umetulia, na uamuzi wa kumwita mjenzi utafanywa kwa ushahidi. Mchwa nao ni wafuasi wa unyevu: hujenga vijia vya udongo vikipanda kutoka ardhini hadi kwenye miimo ya milango, na kuni au maboksi yaliyoegemezwa ukutani huwapa maficho. Kuvivunja vijia hivyo kila mwezi na kuondoa kuni ni bora kuliko kumwaga oili chafu, desturi ambayo huchafua udongo uleule unaotarajiwa kuotesha mchicha.

Ndani ya nyumba hasara huwa ndogo na ya kudumu. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde, tone likikadiriwa kuwa robo ya mililita, humwaga zaidi ya lita 20 kwa siku, na kwa kawaida chanzo chake ni kipande cha mpira ndani ya kichwa cha bomba ambacho hubadilishwa kwa spana moja baada ya maji kufungwa. Choo cha kuvuta maji huvuja kimya zaidi: rangi ya chakula ikitiwa katika tanki lake na kuonekana ndani ya bakuli bila mtu kuvuta, mpira wa chini haufungi. Mabomba yaliyofukiwa hupimwa kwa mita, ambayo namba zake husomwa usiku baada ya mabomba yote kufungwa na kusomwa tena alfajiri kabla ya yeyote kuoga.

Maji yaliyokwisha kutumika bado ni mali. Yale ya kusuuzia nguo na kuogea, yasiyo na dawa ya kung'arisha, huweza kumwagwa kwenye migomba, mipapai na miwa, yakielekezwa kwenye udongo na si kwenye majani, na siku ileile yalipotumika, kwani yakilala yanaoza na kunuka. Mboga zinazoliwa mbichi hazinyweshwi maji hayo. Sabuni za unga zina sodiamu, ambayo ikizidi huufanya udongo ushikamane na kugoma kupitisha maji, kwa hiyo ni vema sehemu zibadilishwe mara kwa mara na zipewe pia maji ya mvua. Njia nzuri ya kuyapokea ni shimo la upana wa mita moja au mbili na kina cha nusu mita, lililojazwa majani makavu, samadi na takataka za jikoni, na kuzungushiwa migomba mitatu au minne. Maji hushuka, taka huoza, na migomba hula. Shimo hilo huchimbwa mbali na msingi na mbali zaidi na kisima.

Kwa kaya isiyo na uwanja, bustani ya gunia hutosha kwa mboga za majani. Kopo kubwa lisilo na kitako huwekwa katikati ya gunia na kujazwa mawe, udongo wenye samadi hujazwa pembeni, kisha kopo huvutwa juu na kazi hiyo kurudiwa mpaka gunia lijae, likiwa na nguzo ya mawe inayofikisha maji hadi chini. Miche hupandwa juu na kwenye vitundu vya ubavuni. Bustani za aina hii zilienea katika mtaa wa Kibera jijini Nairobi hasa baada ya mwaka 2008, na huko sukuma wiki ndiyo iliyotawala. Katika joto la pwani huwa busara zaidi kuanza na mchicha, ambao huvunwa wiki tatu au nne baada ya kupandwa, na matembele, ambayo hayahitaji hata mbegu, kwa kuwa marando yake huombwa kwa jirani. Inafaa kusemwa wazi kuwa bustani ndogo hailishi familia. Huiondolea tu gharama ya mboga ya kila siku, na mwenye kutegemea zaidi ya hapo huishia kununua mbolea kwa fedha nyingi kuliko mboga yenyewe.

Mbolea hiyo haina haja ya kununuliwa. Mboji hupatikana kwa kuchanganya maganda na majani mabichi pamoja na majani makavu au maranda ya seremala, vitu vikavu vikizidi kidogo, na kulifanya rundo liwe na unyevu wa sifongo iliyokamuliwa. Ndani ya siku chache katikati yake hupata joto linalokaribia nyuzi 60 za Selsiasi, ambalo huua mbegu nyingi za magugu. Likipinduliwa kila wiki mbili huwa tayari kwa miezi miwili au mitatu, na mabaki ya nyama na samaki hayatiwi, kwa sababu ya panya. Majani makavu yanayobaki hutumika kuwa matandazo, yaani tabaka la kufunika udongo lisiloruhusu jua kuukausha, likiachiwa nafasi kidogo kuzunguka shina lisije likaozesha. Wadudu hupunguzwa kwa majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, kulowekwa usiku kucha, kuchujwa na kutiwa sabuni kidogo. Dawa hiyo hunyunyizwa jioni kwa kuwa jua huiharibu upesi, na haiui papo hapo bali humkatisha mdudu hamu ya kula na kuvuruga kukua kwake.

Kalenda ya kazi hizi hutolewa na pepo. Januari na Februari, wakati wa kaskazi na ukavu, ndizo nafasi ya kupanda juu ya paa, kukaza misumari na kusafisha mifereji. Masika ya Machi hadi Mei ni wakati wa kutazama: mwenye nyumba anayetoka na mwavuli mvua ikiwa katika ukali wake na kuizunguka nyumba mara moja hujifunza mengi kuliko atakayoambiwa na fundi siku ya jua. Kusi inapovuma, kuanzia Juni, kuta hukauka na lipu hurekebishwa, na kipande cha nailoni kikibandikwa ukutani kwa siku moja bila kupata jasho upande wa ndani, ukuta huo uko tayari kwa rangi. Kabla ya vuli ya Oktoba mifereji husafishwa tena na mbegu hutolewa.

Mahali pamoja hapafai kubana matumizi. Maji yakionekana kwenye swichi, kwenye taa ya dari au kwenye ukuta unaopitisha nyaya, swichi kuu huzimwa mara moja kwa mkono mkavu, mtu akiwa amesimama pakavu, na kazi huachiwa fundi umeme mwenye leseni, hata kama tundu la paani lililoyaleta maji hayo linaweza kuzibwa na mtu yeyote wa nyumbani.